Mbuzi Si Ligi

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilialikwa kwenye bonanza la michezo ya vijana katika kata moja ya jiji la Mwanza. Kadi ya mwaliko ilikuwa ya rangi, nayo ilinitaja kuwa "mzee wa michezo," cheo ambacho sikumbuki kukiomba. Nikavaa shati langu la kitenge, nikaenda. Nilikuta maturubai mawili, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, muziki wa kukodi uliosikika hadi ziwani, na mbuzi wawili waliofungwa kwenye mti, mmoja wa mshindi wa mpira wa miguu na mwingine wa mshindi wa mpira wa wavu. Mtoa zawadi, ambaye sitamtaja jina, alikuwa amewavalisha vijana wote fulana zenye picha yake.

Timu za wasichana za mpira wa wavu zilikuwa nane, nazo zilicheza kwa mtoano. Kwa kuwa hotuba zilichelewesha mambo, ikatangazwa kwamba kila mchezo utakuwa wa seti moja tu. Ilipofika saa saba mchana timu nne zilikuwa zimekwisha kutolewa. Nikawasogelea wasichana wa timu mojawapo waliokaa chini ya mwarobaini wakisubiri soda na gari la kuwarudisha kwao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mmekaa, hamchezi?"

"Sisi tumeshatoka."

"Mmecheza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na mtacheza tena lini?"

Wakatazamana. Mmoja wao, mrefu, mwenye mikono ambayo mwalimu yeyote wa mpira wa wavu angeitamani, akanijibu bila uchungu wowote: "Mwakani, kama watakuja tena."

Jioni mtoa zawadi alisimama akahutubia. Akasema maneno ambayo kila mgeni rasmi katika nchi hii huyasema mbele ya wanamichezo, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Akapigiwa makofi. Mimi nami nilipiga, maana nilikuwa nimekwisha kula pilau yake, na mtu aliyeshiba pilau ya mwenzake hana mdomo. Lakini sasa pilau imekwisha tumboni, na nasema nilichopaswa kusema siku ile: yule binti wa chini ya mwarobaini hakufundishwa kukubali kushindwa. Alifundishwa kwenda nyumbani.

Kukubali kushindwa, ndugu msomaji, si kutabasamu na kumpa mkono aliyekushinda. Hiyo ni adabu, na adabu ni jambo jema, lakini hata mtu aliyekata tamaa anaweza kuwa na adabu. Kukubali kushindwa ni kujua kwamba umeshindwa kwa sababu fulani, kuitafuta sababu hiyo kwa siku sita, na siku ya saba kurudi uwanjani mbele ya watu wale wale waliokuona ukishindwa. Kwa hiyo lazima kuwe na siku ya saba. Bonanza halina siku ya saba. Ligi inayo, na hapo ndipo ugomvi wangu na mabonanza ulipo.

Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, basi mnivumilie. Timu nane zikicheza kwa mtoano, michezo yote ni 7. Timu nne zinacheza mara moja tu na kuondoka. Bingwa mwenyewe anacheza mara 3. Timu nane hizo hizo zikicheza ligi ya nyumbani na ugenini, michezo ni 56, na kila timu, ya kwanza hata ya mwisho, inacheza mara 14. Tena angalieni ni nani anayeondoka mapema katika mtoano. Ni dhaifu. Yaani yule anayehitaji mazoezi na michezo kuliko wote ndiye anayepewa michache kuliko wote. Kama ningeendesha darasa langu la tatu kwa utaratibu huo, nikamfukuza kila mtoto aliyekosa swali la kwanza na kubaki na wawili hodari hadi jioni, mkaguzi wa elimu angenifukuza mimi.

Nimechagua mpira wa wavu kwa sababu ndio mchezo niliousimamia, lakini pia kwa sababu zilizomo ndani ya mchezo wenyewe. Ulibuniwa mwaka 1895 na Mmarekani William Morgan, katika mji wa Holyoke, kwa ajili ya watu wazima walioona mpira wa kikapu una purukushani mno. Labda ndiyo maana unawafaa wazee kuutazama. Sheria zake ni za kumfinyanga mtu. Huwezi kuukumbatia mpira ukakimbia nao. Huwezi kuugusa mara mbili mfululizo, ukiacha ule mguso wa kuzuia wavuni. Timu ina migusano mitatu tu, kisha mpira uende upande wa pili. Katika mpira wa miguu kijana mwenye chenga anaweza kuwasahau wenzake hadi kipindi cha mapumziko, na bado akashangiliwa. Kwenye wavu mchoyo hana pa kujificha. Mvivu naye hana, kwa kuwa wachezaji sita huzunguka nafasi zao kufuata saa: leo uko nyuma unapokea, baada ya muda uko mbele unaruka, kisha unarudi nyuma kuanzisha mpira. Ni kweli tangu 1998 kuna yule libero, mlinzi wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti, ambaye ana ruhusa zake. Mimi niliyejifunza mchezo huu chuoni mwaka 1971, wakati alama ilipatikana kwa timu iliyoanzisha mpira peke yake na seti ikaisha kwa 15, nilinung'unika. Siku hizi kila mpira ni alama na seti ni 25. Nimekwisha kuzoea.

Mwaka 2013, miaka miwili baada ya kustaafu, wenzangu wachache na mimi tulianzisha ligi ndogo ya klabu za vijana wasiozidi miaka 18. Tulianza na klabu nne za mitaani, sasa ni sita, kila moja ikiwa na timu ya wavulana na ya wasichana. Viwanja tuliving'oa katikati ya mawe. Anayeujua mji wa Mwanza ataelewa ninaposema kung'oa. Wavu wetu wa kwanza ulishonwa na mvuvi, kwa uzi wa nyavu za ziwani, akautengeneza vizuri kiasi kwamba tulimtania asije akarudi usiku kuuchukua. Tunacheza kila Jumamosi kuanzia mwisho wa Februari hadi Agosti, nyumbani na ugenini, michezo kumi kwa kila timu. Klabu isiyocheza siku hiyo hutoa waamuzi wa mistari na mwandishi wa alama.

Msimu wa klabu sita za kwanza, timu moja ya wasichana kutoka mitaa ya mlimani ilipoteza michezo saba ya mwanzo bila kupata seti hata moja. Ilikuwa aibu kuitazama. Klabu iliyokuwa ikiongoza ilikuwa na msichana mwenye mkono mzito, na kila alipoanzisha mpira aliupeleka kwenye kona ya nyuma kushoto, mahali aliposimama mtoto mdogo kuliko wote wa timu ile, binti wa darasa la sita. Siku ya mchezo wao wa kwanza nilihesabu alama tisa mfululizo kupitia kona ile. Yule mtoto alilia uwanjani. Mama yake, aliyekuwa akiuza karanga pembeni, alinijia akaniambia kwamba mchezo huu ni wa kuwatesa watoto, na nikakosa la kumjibu.

Lakini kulikuwa na marudiano. Mtoto yule aliijua tarehe. Alijua kwamba baada ya wiki kadhaa atasimama kona ile ile mbele ya mkono ule ule. Nyuma ya nyumba yao kuna mwamba uliosimama kama ukuta, na kaka yake aliniambia baadaye kwamba kila jioni alikuwa akipiga mpira kwenye mwamba ule na kuupokea kwa mikono yote miwili, mpaka giza linaingia, na mpira wenyewe ulikuwa wa matambara. Siku ya marudiano ulipokuja mpira wa kwanza kwenye kona yake, aliupokea ukapanda juu, mahali pake hasa, mwenzake akauinua, wa tatu akapiga. Alama. Siku ile walipata seti yao ya kwanza. Mchezo walipoteza, seti mbili kwa moja, nao wakaimba njia nzima wakipanda mlima kama waliochukua kombe. Wenyeji wa njiani waliuliza wameshinda nini. Mchezo wao wa mwisho wa msimu ndio walioshinda kweli, na walimaliza ligi wakiwa wa sita kati ya sita.

Nawauliza waandaaji wa mabonanza: mtoto yule angekuwa wapi katika utaratibu wenu? Angelia saa nne asubuhi, angepewa soda na fulana, na kumbukumbu yake ya mpira wa wavu ingekuwa ile kona.

Sasa niwajibu wanaotupinga, maana tunao, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu.

Wako wanaosema ligi inaharibu masomo. Sitadai kwamba mpira wa wavu unamfanya mtoto ajue sehemu na desimali. Waliodai hivyo sikupata kuwaamini. Ila katika ligi yetu, mwenye daftari la mahudhurio ni mwalimu wa darasa: mtoto aliyetoroka shule katikati ya wiki hachezi Jumamosi, na kocha anayejaribu kumchezesha anapokonywa mchezo. Nimeona wavulana waliokuwa wakishinda mwaloni kuanika dagaa wakirudi darasani kwa sababu hiyo tu. Walirudi kwa ajili ya wavu na si kwa ajili ya kitabu, sawa, lakini walirudi. Tena msimu wetu unakwisha kabla ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba na ule wa kidato cha nne wa Novemba.

Wako wanaosema ushindani unawaumiza watoto, wacheze tu kujifurahisha bila kuhesabu. Hoja hii huwa naisikia kwa watu waliosoma sana. Nashangaa, kwa kuwa hao hao wanauliza mtoto wao amekuwa wa ngapi darasani. Sisi walimu kwa miaka mingi tuliwapanga watoto ubaoni, wa kwanza hadi wa 90, na yule wa 90 hatukumpa marudiano. Ushindani upo tayari katika maisha ya mtoto wa Kitanzania, tena mkali. Uwanjani angalau anashindana akiwa na wenzake watano ubavuni na Jumamosi nyingine mbele yake.

Hofu ya wazazi kuhusu mabinti ni jambo jingine, na hapo sipandishi sauti. Hofu hiyo si ya kijinga. Mwaka 2016 tulimwondoa kocha mmoja baada ya mabinti wawili kumweleza mlezi wao mambo ambayo sitayaandika, na suala lile tulilipeleka panapohusika. Tangu hapo kila timu ya wasichana ina mlezi mwanamke, mtu mzima, ambaye bila yeye hakuna mchezo. Michezo inakwisha saa kumi na moja jioni, na hakuna safari ya kulala. Mzazi akiniambia bado anaogopa, namwambia aje akae pembeni ya uwanja, kwa maana ligi ina uwanja unaojulikana na saa inayojulikana. Kwenye bonanza anamkabidhi binti yake kwa lori asilolijua.

Na hapa niguse vijeba na mamluki, ugonjwa ambao kila mwalimu aliyepata kusimamia michezo ya mashule anaufahamu. Timu iliyochukua yule mbuzi wa Agosti ilikuwa na wasichana wanne kati ya sita walioletwa na bodaboda asubuhi ile, na nahodha wao alikuwa mama wa mtoto mmoja, ambaye alimwacha kwa shangazi akashika mpira. Simlaumu, mbuzi ni nyama. Lakini nani atakagua umri kwa mashindano ya siku moja? Katika ligi mchezaji anaandikishwa Januari kwa cheti cha kuzaliwa na barua ya shule, na anaonekana kila Jumamosi na watu wanaomjua mama yake.

Nimewashambulia wengine, sasa nijishambulie. Shule yangu ya mwisho, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ilikuwa na uwanja mzuri wa wavu. Niliusawazisha pamoja na wanafunzi mwaka 1989. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya mashule ya msingi na sekondari yalisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa, ati yanapoteza muda wa masomo. Wakati huo huo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM; ada ikafutwa, watoto wakafurika, madarasa yakahitajika haraka. Mwaka 2003 tulitafuta mahali pa kujenga. Uwanja wa mpira wa miguu ulikuwa mkubwa, ungetoa sehemu bila kuhisi. Lakini vijana wa kijiji na wazee wao wangenijia juu. Wasichana wa wavu hawakuwa na wazee wa kuwasemea. Nikaonyesha kwa kidole uwanja wao, mafundi wakaweka msingi pale. Nguzo mbili za wavu zilitumika kushikilia kenchi za paa. Madarasa yale mawili yapo hadi leo na yamewasomesha wengi, siyajutii. Ninachojutia ni kwamba sikuitisha hata kikao kimoja kuuliza wapi pengine. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9. Ukiongeza nafasi ya mita tatu kila upande ni mita za mraba 360. Uwanja kamili wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 unabeba karibu viwanja ishirini vya namna hiyo. Nami, mwalimu wa hesabu, niliona kimoja kile ndicho kilichozidi.

Watu wa kwetu wakitaka mfano huenda mbali. Mimi navuka mpaka tu. Wanawake wa Kenya walichukua ubingwa wa Afrika wa mpira wa wavu mwaka 1991, na wameurudia mara nyingi baada ya hapo. Wamecheza Olimpiki nne: Sydney 2000, Athens 2004, zile za Tokyo zilizosogezwa hadi 2021, na Paris 2024. Sisi hatujafika hata moja. Je, wasichana wao ni warefu kuliko wetu? La hasha. Msichana wa Kenya anatoka shule kama Mukumu au Kwanthanze akijua kwamba mbele yake kuna ligi yenye klabu za Pipeline, benki ya KCB na Magereza, zinazocheza msimu mzima. Wa kwetu anamaliza kidato cha nne, anavua viatu, na habari yake imekwisha. Tena niwaambie jambo moja linalonifurahisha kuhusu Wakenya hao: katika Olimpiki zote nne hawajashinda mchezo hata mmoja. Kila mara wanafungwa, na kila mara wanarudi kutafuta tena nafasi. Hao ndio watu waliokulia kwenye ligi.

Fedha, mtaniuliza. Baada ya lile bonanza nilikaa na mwenzangu aliyekuwa mhasibu, tukakadiria gharama za muziki, maturubai, pilau, fulana na mbuzi. Alipomaliza kujumlisha alinitazama tu. Fedha zile zingetupatia mipira, nyavu na nauli za waamuzi kwa misimu mitatu, na chenji ingebaki. Nilimwandikia mtoa zawadi barua ya heshima nikimwomba hivyo. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia kijana wake: mheshimiwa anaipenda sana ligi, lakini ligi haina siku ya kilele. Kwa hilo alisema kweli. Ligi haina siku moja ambayo mtu anaweza kuja na kipaza sauti na kuondoka na sifa za mwaka mzima.

Kadi ya mwaka huu imefika wiki iliyopita, ya rangi tena, na safari hii mbuzi ni watatu. Nimejibu kwamba nashukuru kwa heshima, lakini tarehe hiyo ni Jumamosi na tuna michezo miwili, timu ya mlimani ikiwa ugenini. Yule mtoto wa kona ya nyuma kushoto sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, naye ndiye kocha wao. Amenitumia ujumbe kwamba mwandishi wa alama anaumwa, na kwamba nisisahau miwani yangu.